Maboga ya Mbegu

Jumapili, 6 Machi 1994. Mbuji.

Daftari hili ni la serikali. Juu ya jalada wameandika Taarifa ya Mwezi ya Bwana Shamba wa Kata, na kwa kuwa bwana shamba wa kata hayupo tena nimeona nilitumie mwenyewe kabla mchwa hawajalitumia. Barua ya kupunguzwa kazi ilinikuta Novemba. Miaka ishirini na miwili kwa karatasi moja, tena mhuri wenyewe umepigwa upande. Leo baada ya misa watu walinisalimia "Mzee Erasmo". Mpaka mwaka jana nilikuwa Bwana Shamba.

Mvua.

Jumanne, 8 Machi

Amekuja mtafiti kutoka Dar es Salaam, mwanamke, Dokta Lidia, na Landrova iliyojaa matope mpaka kwenye vioo. Anatafuta maboga. Maboga! Katika miaka yangu yote sikuandika neno boga kwenye taarifa hata moja. Kahawa niliandika, mahindi, maharage, ngano. Boga ni mambo ya wanawake. Wanachomeka mbegu kwenye kingo za ngoro, yale mashimo tunayolimia mlimani, linatambaa lenyewe kuteremka mlima, likiiva linaliwa, basi.

Dokta anasema milima yetu ina maboga ambayo hajayaona kwingine, yenye maumbo na rangi za ajabu, na kwamba yanapotea. Mradi wake unataka yapigwe picha kabla hayajaisha. Amenipa kamera, mikanda mitano ya picha za rangi, na rula ya kuweka kando ya boga ili ukubwa wake uonekane. Atarudi katikati ya Mei kuyaona kwa macho yake. Akiridhika, mradi utaajiri mtu mmoja wa kudumu katika wilaya hii. Alisema "mtu mmoja" huku ananitazama mimi.

Mke wangu Gertruda amecheka mpaka akakaa chini. "Shule yote ile, baba, kumbe ulikuwa unasomea maboga!"

Acheke. Nina kazi. Sijawahi kukitaka kitu hivi tangu nilipokuwa nataka kumuoa yeye.

Jumamosi, 12 Machi

Nimejifunza kamera. Nimepoteza picha tatu, mbili za kidole changu na moja ya mawingu.

Shambani nilimwonyesha Gertruda boga changa lililokuwa chini ya majani, akanipiga mkono. "Usilinyooshee kidole! Litaoza." Nikamwambia nimesomea kilimo, boga linaoza kwa nzi wa matunda na kwa maji. Akaniambia nilionyeshe kwa ngumi kama watu wengine. Huku kwetu mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, kwamba boga changa halionyeshwi kwa kidole. Nikaonyesha kwa ngumi ili yaishe.

Alhamisi, 17 Machi

Mvua siku nzima. Sikutoka.

Jumamosi, 19 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi Walburga, dada wa marehemu baba. Sijamtembelea tangu Krismasi, na yeye si mtu wa kusahau.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja na karatasi?"

"Nimekuja na kamera."

"Basi hukuja kula."

Ni mgongo ulioinama na mdomo ulionyooka. Lakini boga lake! Nililiona nikasahau kukasirika. Rangi ya majivu, vinundu mwili mzima, shingo imepinda, na kubwa kiasi kwamba nilipolikumbatia vidole vyangu havikukutana. Jina lake kwa Kimatengo maana yake ni mgeni asiyeaga, kwa sababu ukiliweka ndani linakaa mpaka mvua nyingine bila kuharibika. Wakati wa njaa ndilo linalobaki. Shangazi alipoolewa alikuja na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la nguo, naye alipewa na mama yake, na huyo mama alipewa na nani hakuna anayejua. Mwaka huu mvua imezidi, mengine yote yameozea shambani. Limebaki hili moja. Amelifunga kikonyoni kamba ya mgomba.

Nilijaribu kulipiga pale pale, giza la majani tupu. Nikamwomba nilichukue likipata kukomaa.

"Hilo si la kula," akasema. "Ni la mbegu."

"Nalipiga picha tu, Shangazi. Halitapungua kitu."

"Lirudi kabla hatujavuna mahindi."

Nikaahidi. Aliniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumatano, 23 Machi

Pankras, mwenyekiti wa chama cha msingi, amenipa ufunguo wa ghala. Mwaka huu hakuna mbolea wala dawa ya kahawa ndani yake, ruzuku imefutwa na kila mtu anaambiwa ajinunulie. Liko tupu. Ukuta mmoja ni mweupe na mlango mpana unaingiza mwanga vizuri. Nitayaleta maboga huko nipige picha za maana.

"Ghala lina panya," Pankras alisema.

Nikamjibu panya hukaa penye chakula, hapa hakuna.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Njia ya Msalaba, ukungu, watu wote wanakohoa. Sikuomba kingine ila kazi.

Jumamosi, 9 Aprili

Wanawake wameanza kuleta. Sikutegemea. Nilipita nyumba kwa nyumba na kamera shingoni, nao wakaniita Bwana Shamba, na mimi sikumrekebisha hata mmoja. Leo nina kumi na moja, la Shangazi likiwamo. Lipo jembamba lenye mistari ya kijani na njano, lipo lililokaa bapa kama kiti, na pacha wawili walioungana kikonyo kimoja. Kila mmoja ameniletea lile zuri kuliko yote aliyonayo, na kila lililo zuri lina kamba ya mgomba kikonyoni. Ni la mbegu. Wanachagua lililo zuri ndilo la mbegu, hivyo nikitaka mazuri nitachukua ya mbegu tu.

Zile kamba zinaharibu picha. Nazifungua.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimetembea mpaka Litembo kwa Marselina, binti wa Shangazi, aliyeolewa kule. Saa tano za miguu kwenda tu. Shangazi alimpa mbegu ya mgeni asiyeaga siku ya arusi, nikataka kuona kama limebadilika kwenye udongo mwingine. Limebadilika, vinundu vimepungua. Hili nalo ni moja, mengine wamekula na mbegu wakakaanga, maana mafuta ya kupikia hayashikiki.

Marselina hakutaka kutoa. Nikamwambia la mama yake liko kwangu tayari. Ndipo akanitwisha.

Nimerudi nalo begani. Bega limevimba lakini nina furaha. Namba kumi na nne.

Jumamosi, 30 Aprili

Maboga ishirini na tisa. Kila moja limepigwa mbele, ubavuni na chini, na kuandikwa kwenye daftari kwa namba, jina, mwenyewe, kijiji. Nimeyapanga kwa mistari juu ya sakafu. Asubuhi nafungua mlango, mwanga unayafikia moja moja, nasimama tu kuyaangalia. Sikujua nimeishi katikati ya vitu hivi. Miaka ishirini na miwili nimepita juu yake na buti za serikali.

Nataka Dokta ayaone hivyo hivyo, yote pamoja. Picha ni picha, lakini akisimama pale mlangoni hataweza kumwajiri mtu mwingine.

Jumapili, 15 Mei

Katikati ya Mei. Dokta hajaja.

Jumatatu, 16 Mei

Hajaja.

Jumanne, 17 Mei

Mvua inapungua. Hajaja. Wanawake wawili walikuja kuulizia maboga yao. Nikawaambia wiki hii.

Ijumaa, 20 Mei

Watatu. Wiki ijayo, nikasema.

Gertruda naye ana lake mle ndani, lile la mistari. Leo wakati wa kula alisema, taratibu, "Baba, picha umeshapiga. Tuyapasue tutoe mbegu, tuzianike juu ya jiko, kila mtu apewe zake. Dokta akija ataona picha."

Nikamwambia mtafiti haji toka Dar es Salaam kuangalia maganda.

"Hata mbegu kumi kumi?"

"Boga lililopasuliwa si boga, ni chakula."

Aliondoa vyombo. Nilijiona nimejibu vizuri.

Jumapili, 22 Mei. Pentekoste.

Shangazi Walburga alinisubiri nje ya kanisa, amejiegemeza kwenye fimbo yake.

"Mahindi yanakauka, Erasmo."

"Nayaona, Shangazi."

"Boga langu?"

"Zima kabisa. Dokta akiliona tu, nalileta mwenyewe."

"Huyo Dokta analijua boga langu kuliko mimi?"

Watu walicheka. Nilikasirika njia nzima. Sasa naandika, nimetulia, najua kilichonikasirisha ni kwamba hakuwa amekosea. Lakini nina miaka arobaini na minane. Nikiikosa kazi hii sitapata nyingine, nitakuwa mzee anayekaa barazani na kusimulia semina za kilimo za Uyole. Siku chache tu zaidi. Ni maboga, hayana miguu.

Jumanne, 31 Mei

Hajaja. Simu ya mjini Mbinga haifanyi kazi tangu mvua kubwa. Kesho nakwenda Songea kumpigia na kumtumia mikanda kwa posta. Siku tatu. Ufunguo naondoka nao, nisije nikakuta wanawake wameshajigawia.

Gertruda ameuomba ufunguo ili ayapitie pitie kwa siku hizo. Nimekataa.

Jumanne, 7 Juni

Nimerudi.

Siku tatu zimekuwa sita. Basi liliharibikia Kitai, tukalala hapo siku mbili tukisubiri kifaa kutoka Songea. Songea nilipanga foleni posta, nikampata Dokta, sauti yake kama inatoka chini ya maji. Anasema gari la mradi limezuiwa, mambo ya mfadhili, atakuja "hali ikiruhusu". Mikanda nitume, ataisafisha. Nikamuuliza kuhusu kazi. Akasema tuzungumze baadaye. Nikatuma mikanda, nikarudi.

Leo saa nne asubuhi nilifika, nikapita ghalani kabla ya nyumbani. Nilipofungua mlango yote yalikuwa mahali pake, mistari yangu imenyooka, namba zangu za karatasi ziko juu. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikainama nilinyanyue la Shangazi, likaja jepesi.

Chini lilikuwa na tundu. Tundu moja la mviringo, kiasi cha kupitisha vidole vitatu. Ndani hakuna kitu. Nyama ipo, nene, ya rangi ya kutu kama Shangazi alivyoniambia, wameiacha. Mbegu hakuna. Nikanyanyua la pili. Tundu. La tatu, pacha, lile la kiti. Kila moja tundu moja tu, upande wa sakafuni au wa ukutani, ambako mtu akisimama mlangoni haoni. Maganda ya mbegu yamejaa kwenye kona kama makapi ya mpunga. Nilipiga magoti nikayachambua kwa mikono. Nilichambua kona zote nne. Nilipata mbegu sita, zote zimetafunwa nusu.

Panya hawakutaka boga. Walitaka kile kile walichotaka wanawake.

Nilikaa pale sakafuni sijui muda gani. Sikulia. Nilikuwa nafanya hesabu, kama afisa. La Shangazi lilikuwa moja. La Marselina moja. La Gertruda moja. Katika ishirini na tisa, wangapi walibaki na jingine nyumbani? Nilijua jibu, nililiandika mwenyewe kwenye safu ya mwisho ya daftari, kwa sababu Dokta alitaka kujua uhaba. Ishirini na mbili nimeandika "pekee". Nilikuwa nafurahi kila nilipoliandika neno hilo, nikijua ni boga adimu.

Ningempa Gertruda ufunguo. Ningeyapasua siku ile aliposema. Ningemsikiliza Pankras. Sina wa kumlaumu, nimetafuta.

Nimefunga ghala. Nyumbani Gertruda aliuliza, "Yako salama?"

Nikasema yako salama.

Jumatano, 8 Juni

Sikutoka.

Ijumaa, 10 Juni

Mwanamke mmoja alikuja. Nikamwambia Dokta yuko njiani.

Jumamosi, 11 Juni

Wanne. Dokta yuko njiani.

Jumatatu, 13 Juni

Jua kali. Watu wameanza kuvuna mahindi. Kila nikisikia hatua uani natoka kwa mlango wa nyuma. Gertruda ananitazama, halafu anaangalia pembeni. Maboga yanaoza sasa, harufu inafika barabarani.

Alhamisi, 16 Juni

Wamevunja mlango. Sikuwapo, nilikuwa nimekwenda kuteka maji, kazi ambayo sijaifanya tangu nioe, ilimradi nisiwe nyumbani. Nilikuta wanawake kumi na tano au zaidi wamesimama ghalani wameziba pua kwa khanga. Maboga yamelegea, mengine yamepasuka yanatoa maji, huwezi tena kuliona tundu ni tundu.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mmoja tu, Benadetha wa kilimani, alisema, "Ni ile kamera. Aliyanyooshea kamera kila siku. Sisi kidole tunakatazwa, yeye kanyoosha jicho la kioo." Wengine wakaitikia. Ndiyo, kamera. Yameoza yote kwa pamoja, boga gani huoza hivyo kama halikunyooshewa?

Wakanigeukia wanisikilize.

Mimi niliyesomea kilimo. Mimi niliyemcheka mke wangu Machi. Nikainamisha kichwa nikasema, "Huenda ni kamera. Sikujua. Wazungu walioitengeneza hawakutuambia."

Nilisema hivyo. Nimeliandika ili lisinipotee. Nikaona nyuso zao zinalegea, wakaanza kunihurumia, mmoja akaniambia "Pole, Bwana Shamba." Nikaipokea pole.

Gertruda alikuwa mlangoni. Alishika ganda moja la mbegu kati ya vidole, akaliangalia, akaniangalia, akalitia kwenye mfuko wa gauni. Hajanisemesha tangu hapo.

Jumapili, 19 Juni

Sikwenda misa.

Jumatano, 22 Juni

Gertruda anapika, anaweka, anaondoka. Leo nilimwambia, "Sema basi." Akasema, "Niseme nini? Umeshasema wewe. Kamera."

Jumapili, 26 Juni

Shangazi Walburga amekuja hapa mwenyewe, kwa miguu, na pumzi yake ile. Gertruda alimpa kiti na uji. Alikunywa wote kabla ya kusema neno. Mimi nilisimama kama mwanafunzi.

"Nimepita ghalani," akasema. "Nimeliona langu. Limeoza vizuri."

"Shangazi, ile kamera..."

"Kidole kinaozesha. Nimekisikia tangu utoto, na sijui kama ni kweli, maana sijawahi kujaribu. Lakini kidole hakitoboi tundu. Panya hana kidole, Erasmo."

Nikanyoosha mkono nimwongezee uji, akaliondoa bakuli.

"Uliliona lini?"

"Siku niliyorudi Songea."

"Na hao wanawake wanazichoma picha zao za arusi. Umesikia? Benadetha kachoma ya marehemu mumewe, anaogopa itaozesha wajukuu."

Sikuwa nimesikia. Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo. Nikamwambia yote, kuanzia siku ya Gertruda kuomba mbegu kumi kumi, mpaka siku ya kuinamisha kichwa. Nilimwambia kwamba niliitaka kazi. Alisikiliza huku anafuta bakuli kwa kidole.

Kisha akasema jambo ambalo liliniua. Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga safari, "Basi si mwisho. Nitamtuma mtu kwa Marselina Litembo. Mimi nilimpa, sasa yeye atanipa. Ndiyo maana tunawapa mabinti."

Ilibidi niseme. Hakukuwa na mwingine wa kusema.

"La Marselina lilikuwa namba kumi na nne, Shangazi. Nilikwenda kulichukua mwenyewe."

Aliweka bakuli chini. Nilidhani atanipiga na fimbo na niliomba anipige. Alimwambia Gertruda asante kwa uji, akaondoka. Gertruda alimsindikiza mpaka mtoni na hakurudi mpaka jua lilipozama.

Jumatatu, 27 Juni

Nimepita nyumba ishirini na sita. Kwa kila mlango nimesema: si kamera, ni panya, na ni mimi niliyefunga ghala nikaondoka na ufunguo. Kwa Benadetha nilisema mara mbili. Aliniuliza, "Kwa hiyo picha ya mume wangu haikuwa na kosa?" Nikasema haikuwa na kosa. Alifunga mlango.

Hakuna tena anayeniita Bwana Shamba. Wala Mzee.

Jumamosi, 9 Julai

Baridi. Tumevuna mahindi yetu wawili, mimi na Gertruda, bila msaidizi. Kwa kawaida wanakuja watu kumi.

Jumapili, 17 Julai

Nimekwenda soko la Kitai kutafuta mbegu za maboga. Zipo, za duara, za njano, zote sawasawa, mbegu za kila mahali. Nimenunua nikawapelekea. Wengine wamepokea. Shangazi amezirudisha kwa Gertruda, zimefungwa kwenye karatasi ile ile.

Ijumaa, 22 Julai

Nimetembea tena mpaka Litembo na vijiji vya chini yake. Nimeuliza kila nyumba kuhusu boga la majivu lenye vinundu. Wanalikumbuka. Mzee mmoja alilila mwaka wa uhuru. Marselina alinipa maji ya kunywa, hakunikaribisha ndani.

Jumanne, 2 Agosti

Hakuna.

Jumamosi, 13 Agosti

Barua ya Dokta Lidia, bahasha nene. Mfadhili amejitoa, mradi umefungwa, ofisi yenyewe wamekabidhi. Hakuna nafasi ya kudumu wala ya muda. Ananishukuru. Anasema hajawahi kupokea picha nzuri hivi kutoka shambani, amezionyesha kwa wenzake na wote wamesimama kuziangalia. Amenisafishia nakala nzima. Mwishoni ameandika kwa mkono: "Lile la kijivu la Mama Walburga halipo kwenye kumbukumbu zozote tulizonazo. Tafadhali mwambie atunze mbegu zake kwa uangalifu sana."

Nilizipanga picha mezani. Ni kweli ni nzuri. Mwanga wa mlango wa ghala umekaa juu ya kila nundu. Gertruda alikuja nyuma yangu, akatazama la kwake la mistari kwa muda, kisha akaweka mkono begani kwangu. Ni mara ya kwanza tangu Juni. Hapo ndipo nililia.

Jumapili, 14 Agosti

Nilimpelekea Shangazi picha yake baada ya misa. Sikujua nimpe nini kingine. Nilimsomea barua, pamoja na yale maneno ya mwisho, kwa sababu nimeamua simfichi tena kitu.

Aliipokea kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea komunyo. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Ndilo," akasema. "Ndilo kabisa." Akapitisha kidole gumba kwenye vinundu, taratibu, kimoja kimoja, na nadhani alishangaa kukuta karatasi ni laini. Kisha akaigeuza, akatazama upande wa nyuma ambako ni peupe.

"Mbegu zake ziko upande gani?"

Sikujua kama ananisuta au anauliza kweli. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na alikuwa ananisubiri nijibu.

"Hakuna, Shangazi," nikasema.

"Hakuna," akarudia. Akanirudishia picha, akachukua jembe lake akashuka shambani.